Mbegu ni ya Nani? Mjadala wa GMO Katika Nchi ya Chai

Boito, chai hulipa karo ya shule, mahindi hulisha nyumba. Wadi hii ya eneobunge la Konoin, Kaunti ya Bomet, imo katika ukanda wa chai unaoendelea hadi Kericho, na mgeni anayepita barabarani huona majani chai tu, kilima baada ya kilima. Kipande cha mahindi kiko nyuma ya nyumba, kando ya nepia ya ng'ombe. Kikizaa vizuri, familia hula chake kwa miezi kadhaa huku ikisubiri bonasi ya chai. Kikikataa, pesa za majani huishia kwa muuza unga.

Ndiyo maana mabishano ya GMO, yaani mazao yaliyobadilishwa jeni, yaliyopamba moto Nairobi kuanzia Oktoba 2022 hayakuwa habari ya mbali huku. GMO ina milango miwili ya kuingilia Boito: pakiti ya unga dukani na pakiti ya mbegu kwenye agroveti. Mlango wa kwanza umepigiwa kelele hadi watu wakachoka. Wa pili umezungumzwa kwa sauti ndogo, ilhali ndio unaomgusa zaidi mkulima wa Konoin, ambaye kabla ya kuwa mnunuzi wa unga ni mpandaji wa mahindi.

Miaka kumi ya marufuku

Mnamo Novemba 2012, Baraza la Mawaziri la Rais Mwai Kibaki lilipiga marufuku uingizaji wa vyakula vya GMO. Beth Mugo ndiye aliyekuwa Waziri wa Afya ya Umma. Miezi miwili kabla ya hapo, mtafiti Gilles-Éric Séralini wa Chuo Kikuu cha Caen, Ufaransa, alikuwa amechapisha utafiti wake kuhusu panya 200 waliofuatiliwa kwa miaka miwili, wengine wakilishwa mahindi ya GMO ya aina ya NK603. Picha za panya wenye uvimbe mkubwa zilizunguka dunia nzima na kutua hadi mezani kwa mawaziri wa Kenya.

Mwaka mmoja baadaye jarida lililouchapisha utafiti huo liliuondoa. Mhariri hakudai kwamba kulikuwa na udanganyifu. Alisema matokeo hayakutosha kufikia hitimisho lolote. Kila kundi lilikuwa na panya kumi tu wa kila jinsia, na panya wa ukoo ule hupata uvimbe kwa urahisi wakizeeka. Mwaka 2014 utafiti ukatoka tena katika jarida lingine. Marufuku ya Kenya haikutikiswa na lolote kati ya hayo. Ilidumu miaka kumi.

Kulikuwa na jambo ambalo halikuelezwa vizuri kwa umma. NK603 ni mahindi yaliyotengenezwa ili yastahimili dawa ya magugu ya glaifosati. Watafiti wa Kenya hawakuwa na mpango wa kupanda hayo. Walikuwa wakijaribu mahindi ya Bt, yaliyotiwa jeni ya bakteria inayoyawezesha kujikinga na viwavi. Hayo ni mahindi mawili tofauti, na maswali yake ni tofauti, lakini barazani na redioni yakatiwa katika gunia moja lililoandikwa GMO.

Tarehe 3 Oktoba 2022, wiki chache baada ya William Ruto kuapishwa, Baraza la Mawaziri likaondoa marufuku. Nchi ilikuwa katika ukame mkali, misimu kadhaa ya mvua ikiwa imekosekana kaskazini na mashariki, na katikati ya mwaka huo pakiti ya kilo mbili ya unga ilikuwa imepita shilingi 200. Mwezi uliofuata, Waziri wa Biashara Moses Kuria alitangaza kwamba magunia milioni 10 ya mahindi, yakiwemo ya GMO, yangeingizwa nchini. Kisha akaongeza, kwa namna yake, kwamba kuishi Kenya kwenyewe tayari ni kuwa katika orodha ya kufa, hivyo kuiongeza GMO hakungekuwa na shida. Wanasayansi waliokuwa wametumia miaka mingi kuwaondolea watu hofu waliona kazi yao ikibomolewa kwa sentensi moja.

Kutoka hapo suala likahamia mahakamani. Mahakama Kuu ilisimamisha uagizaji mwaka huohuo wa 2022. Oktoba 2023, Mahakama ya Mazingira na Ardhi ikaitupa kesi ya Chama cha Mawakili. Novemba 2024, Mahakama Kuu nayo ikakataa malalamiko mengine. Machi 2025, Mahakama ya Rufaa ikasimamisha tena uagizaji na upanzi hadi rufaa isikilizwe, wakati wakulima wadogo wa Kenyan Peasants League wakiendelea kupambana. Kufikia siku ya amri hiyo, hakuna pakiti hata moja ya mbegu ya mahindi ya GMO iliyokuwa imeuzwa kihalali kwa mkulima wa Kenya.

Kiwavi na bua

Mkulima wa nyanda za juu anamjua vizuri adui ambaye mahindi ya Bt yaliundwa kumkabili. Ni kiwavi wa mabua, ambaye wataalamu humwita Busseola fusca. Hutoboa bua, hula moyo wa mmea, na mkulima huona majani ya katikati yamekauka wakati dawa haiwezi tena kumfikia aliyejificha ndani. Tangu 2017 amepata mwenzake, kiwavi jeshi vamizi kutoka bara la Amerika, anayekula majani hadi kubaki vishipa.

Katika mahindi ya Bt ya aina ya MON810, mmea wenyewe hutengeneza protini ya bakteria Bacillus thuringiensis, ambayo huharibu utumbo wa kiwavi anayeitafuna. Utumbo wa binadamu hauna pahali pa kuipokea protini hiyo, na wakulima wa kilimo hai wamekuwa wakinyunyizia bakteria hiyohiyo kwenye mboga kwa miongo mingi. Shirika la Afya Duniani na mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya hazijapata ushahidi kwamba mahindi ya GMO yaliyoidhinishwa yana madhara zaidi kwa mlaji kuliko ya kawaida. Katika upande huu wa mjadala, ushahidi umeelemea sana upande mmoja.

Shambani mambo si mepesi hivyo. Afrika Kusini ilianza kupanda mahindi ya Bt mwishoni mwa miaka ya 1990, na mwaka 2007 mtafiti van Rensburg akaripoti kwamba Busseola fusca wa huko alikuwa ameanza kuizoea protini ile. Huyo ni kiwavi yuleyule wa Bomet na Kericho. Kinga dhidi ya hali hiyo inajulikana: mkulima hutenga sehemu ya shamba, asilimia 5 isiyopigwa dawa au asilimia 20 inayopigwa, akapanda mahindi ya kawaida ili wadudu wasio na usugu wabaki na kupandana na wale sugu. Wakulima wakubwa wa Afrika Kusini wenyewe walilegea katika hilo. Mwenye robo ekari nyuma ya nyumba Boito atatenga kipi, na nani atapita nyumba kwa nyumba kukagua?

Kuna njia nyingine ambayo haihitaji jeni wala mkataba. Kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe kilibuni mfumo wa kupanda desmodiamu katikati ya mistari ya mahindi na nepia au brakiaria pembezoni. Desmodiamu huwafukuza nondo wanaotaga mayai ya viwavi, nyasi za pembezoni huwavuta. Kwa mfugaji wa Konoin anayehitaji nepia hata hivyo, mfumo huo unamlishia pia ng'ombe. Kasoro yake ni kwamba unataka kazi zaidi mwanzoni na mbegu ya desmodiamu si rahisi kuipata. Tena hakuna kampuni kubwa itakayotajirika kwa kuutangaza.

Mkono wa kampuni

Hapa ndipo mjadala unapogusa jambo ambalo wengi wanalihisi bila kulitaja vizuri. Mahindi ya Bt ya Kenya yalitokana na mradi wa WEMA, ulioanza mwaka 2008. Wakfu wa Gates na Wakfu wa Howard G. Buffett zilitoa fedha, na baadaye USAID ikajiunga. Kampuni ya Monsanto ikatoa jeni, kituo cha CIMMYT kikatoa mbegu wazazi, taasisi ya utafiti ya serikali ambayo sasa ni KALRO ikafanya majaribio Kiboko na Kitale, na shirika la AATF lenye makao Nairobi likasimamia. Mwaka 2018 mradi ukaitwa TELA. Mwaka huohuo Bayer ya Ujerumani ikainunua Monsanto kwa dola bilioni 63.

Watetezi wa mradi wana hoja nzito. Jeni hiyo imetolewa bila mrabaha, na mbegu inakusudiwa kuuzwa na kampuni za humu nchini. Mradi huohuo ulitoa pia mahindi ya kuhimili ukame yaliyozalishwa kwa njia ya kawaida, bila GMO yoyote, na kampuni za Kenya zimekuwa zikiyauza kwa miaka. Tena anayelia kwamba GMO itamfanya mkulima awe mtumwa wa duka amechelewa. Tangu Hybrid 611 ya Kitale itoke mwaka 1964, wakulima wa Bonde la Ufa wamekuwa wakinunua mbegu kila msimu, kwa sababu mbegu chotara ikirudiwa hupoteza nguvu. Muuzaji mkuu ni Kenya Seed, ambayo serikali ndiyo mwenye hisa nyingi.

Wakosoaji nao hawakosi la kusema. Wanauliza kwa nini wakulima wadogo wa Afrika wapewe bure jeni ambayo viwavi wa Afrika Kusini walikuwa wameshaizoea na ambayo soko la huko lilikuwa linaiacha. Wanataja kwamba kampuni nne, Bayer, Corteva, Syngenta na BASF, zinashika zaidi ya nusu ya biashara ya mbegu duniani. Wanakumbusha kwamba ofisi ya biashara ya Marekani iliiorodhesha marufuku ya Kenya kama kizuizi cha biashara katika ripoti zake, na kwamba mazungumzo mapya ya biashara kati ya nchi hizi mbili yalitangazwa Julai 2022, miezi mitatu hivi kabla ya marufuku kuondolewa. Hilo pekee halithibitishi kwamba Washington iliamuru. Linaonyesha tu kwamba si wakulima wa Kenya pekee waliokuwa wakiusubiri uamuzi huo.

Burkina Faso ilijifunza somo lake kwa gharama. Iliikumbatia pamba ya Bt ya Monsanto mwaka 2008, mavuno yakapanda, dawa zikapungua. Lakini nyuzi zake zilikuwa fupi kuliko za pamba ya zamani iliyowapa jina sokoni, na kufikia 2016 kampuni za pamba za nchi hiyo zikaanza kuiacha na kudai fidia. Mkulima hakuwa ameugua wala mdudu hakuwa ameshinda. Tatizo lilikuwa kwamba sehemu kubwa ya mbegu ya nchi ilikuwa imefungwa katika uamuzi wa kampuni moja.

Mkono haukuwa upande mmoja tu. Sehemu ya fedha za utafiti wa Séralini ilitoka kwa maduka makubwa ya Ufaransa, Auchan na Carrefour, yaliyokuwa yakifaidika na wateja wanaoikimbia GMO. Mashirika mengi ya Kenya yanayoipinga GMO hupata sehemu ya fedha zao kutoka Ulaya. Kwa upande mwingine, nyaraka zilizofichuliwa mwaka 2017 katika kesi za Marekani zilionyesha kwamba mhariri aliyeuondoa utafiti wa Séralini, A. Wallace Hayes, aliwahi kuwa na mkataba wa ushauri na Monsanto. Yeye alikana kwamba ulichangia uamuzi wake. Mtu wa kawaida akisoma haya yote, haishangazi akimtilia shaka kila anayesema "sayansi imeamua."

Majirani wakubwa

Shaka hiyo ina mizizi mirefu Kericho na Bomet. Brooke Bond iliingia Kericho mwaka 1924, na kampuni ya Finlay ikafuata muda mfupi baadaye. Ardhi bora ya Wakipsigis na Talai ikawa mashamba ya chai, na madai ya walioondolewa bado yanaendelea. Gavana wa kwanza wa Kericho, Paul Chepkwony, ambaye kitaaluma ni profesa wa biokemia, aliyapeleka hadi kwenye Umoja wa Mataifa.

Wenye mashamba nao wamebadilika bila wakazi kuulizwa. Unilever iliichukua Brooke Bond mwaka 1984. Mwaka 2022 biashara yake ya chai ikaenda kwa wawekezaji wa CVC. Mashamba ya Finlays yakauzwa kwa kampuni ya Browns ya Sri Lanka mwaka 2023, na mwaka uliofuata yale yaliyokuwa ya Unilever yakaifuata kampuni hiyohiyo. Katikati ya mauzo hayo, mashine za kuchuna chai zilichukua kazi za maelfu ya mikono, na Mei 2023 waandamanaji Kericho wakaziteketeza baadhi yake.

Lakini nchi ya chai ina pia mfano wa upande wa pili, na hutajwa mara chache katika mjadala huu. Utafiti wa chai ulianza Kericho mwaka 1951, na kwa miaka mingi uligharimiwa kwa makato yaliyotolewa kwenye chai yenyewe. Uzao wake mashuhuri ni mche wa TRFK 6/8, unaosifiwa kwa ubora wa kikombe. Mkulima mdogo anajua kuuzalisha mwenyewe: hukata vipandikizi, huvitia katika mifuko midogo ya plastiki chini ya kivuli, na baada ya miezi kadhaa ana miche ya kupanda, ya kuuza au ya kumpa shemeji. Kiwanda cha KTDA, shirika la wakulima wadogo wa chai, kinachopokea majani yake ni mali ya wakulima wenyewe, hata wakikinung'unikia kila bonasi inapotangazwa kuwa chini kuliko ya mashariki mwa Bonde la Ufa. Kwa hiyo mkulima wa Boito si mtu anayeogopa sayansi. Sayansi ameipanda kwenye kilima kizima. Alichojifunza ni kutofautisha kitu cha kitaalamu ambacho ni chake na kitu cha kitaalamu ambacho ni cha mwingine.

Ugonjwa uliotokea Longisa

Somo la pili la nyumbani lilikuja Septemba 2011. Huko Longisa, mashariki mwa Bomet, mahindi yalianza kukauka kuanzia majani machanga, magunzi yakabaki bila punje. Wataalamu waligundua ni ugonjwa hatari wa virusi viwili vinavyoshambulia kwa pamoja, kisa cha kwanza kuthibitishwa katika eneo hili la Afrika. Kufikia 2012 ulikuwa umesambaa Sotik, Narok, Naivasha na kwingineko. Mashamba mengine hayakutoa hata debe. Wakulima walishauriwa waache mahindi kwa msimu na kupanda viazi au mazao mengine ili kuvunja mzunguko.

Bt isingesaidia chochote hapo, kwa maana haikuundwa kupambana na virusi. Msaada ulitoka kwa KALRO na CIMMYT, waliofungua kituo cha kupima ugonjwa huo Naivasha mwaka 2013. Karibu mbegu zote zilizokuwa madukani zilionekana dhaifu. Wakazalisha aina mpya kwa njia za kawaida, na hatua kwa hatua mbegu zikaanza kufika kwa kampuni za humu. Kazi hiyo haikutengeneza vichwa vya habari kama vya kesi za GMO, ingawa ndiyo iliyowarudisha wakulima wengi wa Bomet kwenye mahindi.

Sheria ya mbegu nayo iliendelea kumkaba mkulima mahali pengine kabisa. Sheria ya Mbegu na Aina za Mimea iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2012 ilifanya kuuza au kubadilishana mbegu isiyosajiliwa kuwa kosa lenye kifungo cha hadi miaka miwili au faini ya hadi shilingi milioni moja. Wakulima kumi na watano walienda mahakamani mwaka 2022, na Novemba 2025 Mahakama Kuu ya Machakos ikatangaza kwamba vifungu kadhaa vya sheria hiyo vinakiuka Katiba. Kwa mama wa Konoin anayetunza mbegu ya wimbi au ya mboga za kienyeji na kuwagawia jirani zake, uamuzi huo ulikuwa na uzito kuliko kesi zote za GMO.

Raundi inayokuja

Raundi nyingine ya mjadala iko njiani, na mbegu yake inahusu ugonjwa uleule wa virusi. CIMMYT na KALRO wanashirikiana na kampuni ya Corteva kuhariri jeni za mahindi yanayopendwa na wakulima, ili yapate kinga dhidi yake bila kuingizwa jeni ngeni. Mwongozo uliotolewa mwaka 2022 na Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama wa Kibayolojia unasema kwamba mmea uliohaririwa hivyo, usiobeba jeni kutoka kiumbe kingine, unaweza kuhesabiwa kama mmea wa kawaida. Mahindi ya aina hiyo yakihesabiwa hivyo, yatapita nje ya mabishano yote ya GMO, nje ya amri ya Mahakama ya Rufaa, na bila kibandiko cha kumtambulisha mnunuzi.

Huenda yakawa mahindi bora kabisa kwa Bomet. Ila maswali ya umiliki hayatafutika kwa sababu neno GMO limeondoka kwenye pakiti. Leseni ya Corteva inampa nani haki ya kuzalisha mbegu hiyo, kwa masharti gani, na kwa muda gani? Kenya Seed na kampuni ndogo zitaipata kwa bei moja? Mbegu ikishindwa shambani, nani atamlipa mkulima? Katiba ya 2010 ilikabidhi kilimo kwa kaunti, na Bomet ina idara ya kilimo, kamati ya bunge la kaunti na maafisa wa nyanjani wanaofika hadi Boito. Nakala za leseni hizo zikiombwa kabla mbegu haijaingia kwenye agroveti, kamati hiyo itakuwa na jambo la kusoma kwa niaba ya wapandaji, na mjadala utakuwa umefika mahali ambapo miaka kumi ya marufuku haikuufikisha.